Prosesa ya Ryzen 7 5700 imeshushwa bei. Nichukue nifunge kwenye madabodi yangu ya B450, au niache?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla kidole hakijabonyeza.

Nina mashine niliyoiunganisha mwenyewe 2019. Prosesa ya Ryzen 5 2600, madabodi (ubao mkuu) ya B450, RAM ya DDR4 GB 16 (vijiti 2 vya 8, vimeandikwa 3200), pawa saplai ya wati 550. Baadaye nikabadilisha kadi ya grafiki, nikaweka RX 6600. Skrini ni 1080p, Hz 144. Nilitegemea kadi ikishaingia mambo yatanyooka. Yamenyooka nusu. Kwenye michezo ya risasi ya mtandaoni napata fremu 90 hivi kwa sekunde uwanja ukiwa mtupu, ila watu wakijaa na mabomu yakianza zinaporomoka hadi 50, na picha inashtukashtuka kama gari lenye plagi mbovu.

Sasa nimekutana na Ryzen 7 5700, mpya, boksi halijafunguliwa, punguzo la asilimia 40. Viini 8, nyuzi 16 (foleni za kazi ndani ya prosesa, si nyuzi za humu). Kinachonisumbua ni viwili. Kwanza, hiyo ni soketi (tundu la prosesa) ya AM4, na mrithi wake AM5 yupo tangu 2022, kwa hiyo naona kama nanunua kitu ambacho zama zake zimepita. Pili, Task Manager inaniambia prosesa yangu inatumika asilimia 45 tu nikiwa ndani ya mchezo. Kama nusu yake imelala, mpya ya nini?

Matumizi: mchezo karibu kila usiku, kuhariri video mara 2 au 3 kwa mwezi.

Fremu Sitini

Mkuu viini 8 kwa bei ya kutupa bado unauliza? Vuta hiyo kitu.

Bisibisi Nyota

Mleta mada usimsikilize huyo hapo juu, kila uzi yeye jibu lake ni "vuta".

Tuanze na hiyo asilimia 45, maana ndiyo inayodanganya watu wengi. Prosesa yako ina nyuzi 12. Task Manager inazijumlisha zote kisha inakupa wastani, kwa hiyo uzi mmoja ukijaa kabisa unachangia asilimia 8 na kidogo tu kwenye ile namba kubwa. Michezo mingi ina uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mzito, mingine inasaidia pembeni. Huo mmoja ukifika ukomo, mchezo mzima unausubiri, hata kama wengine wanapiga miayo. Bonyeza kulia kwenye grafu ya CPU, chagua kuonyesha kila uzi peke yake, ucheze dakika 10 halafu urudi kuangalia. Hata hapo usiamini sana, maana Windows huhamishahamisha kazi kutoka uzi hadi uzi na mjao unatawanyika.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Shusha mchezo hadi 720p, kila kitu chini kabisa, ingia pale pale fremu zinapoporomoka. Zikipanda sana, tatizo lilikuwa kadi ya grafiki. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo inayokukaba, au kitu kinacholisha prosesa.

Nasema "kinacholisha" kwa makusudi. Vijiti vyako vimeandikwa 3200, sawa. Je, vinakimbia kwa 3200? Nenda Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, usome kasi. Watu wengi hawakuwahi kuwasha XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM ikimbie kasi iliyoandikwa) kwenye BIOS, ile programu ya madabodi inayoamsha mashine, tangu siku ya kwanza, na RAM inatambaa kwa 2133 miaka yote. Kwenye Ryzen hilo linauma zaidi kuliko mtu anavyodhani. Ile 2600 ndani imegawanywa makundi 2 ya viini 3, na njia inayoyaunganisha hukimbia sambamba na kasi ya RAM. RAM ikizembea, viini vinachelewa hata kuongea vyenyewe kwa vyenyewe.

Fanya hayo mawili kwanza. Ni bure.

Mzee wa DDR3

Mimi naona tofauti. AM4 imefika mwisho wa barabara. AMD, watengenezaji wa Ryzen, wamesema AM5 wataihudumia hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo ukinunua madabodi leo, kesho unachomeka prosesa mpya bila kubomoa mashine. Pesa ya kuweka kiraka weka akiba, uhamie moja kwa moja.

Nasema hivi nikiwa natumia Intel ya kizazi cha 4, kwa hiyo upimeni ushauri wangu kwa kadiri hiyo.

Bisibisi Nyota

Mzee, hesabu yako ingekuwa tamu kama RAM ingekuwa inagawiwa bure. AM5 haipokei DDR4 kabisa. Akihama ananunua vitu 3 kwa mpigo: prosesa, madabodi na RAM ya DDR5, na bei ya RAM imepaa tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vimegeukia kulisha vituo vya data vya akili mnemba. Ana GB 16 mkononi zinazofanya kazi. Mwenye AM4 anayebadilisha prosesa tu anafanya kitu tofauti kabisa na mtu anayejenga mashine kutoka sifuri. Huyo wa sifuri ningemwambia kama ulivyosema wewe.

Na hilo la kwamba zama zake zimepita lisikutishe, mleta mada. Prosesa haiozi. Swali ni kama inafikisha kazi unayotaka. Hata Windows 10 ilipokatiwa huduma Oktoba 2025, hiyo 2600 uliyonayo imo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo hakuna anayekufukuza. Mtu wa Ryzen ya kwanza ya 2017 ndiye aliyeachwa nje.

Kimya Kingi

Naona mnabishana soketi, hakuna aliyesoma jina la bidhaa. Mleta mada, umeandika 5700. Ni 5700 au 5700X?

Mleta mada

5700 tupu, haina X. Kwani si tofauti ya kasi kidogo tu? Nimeangalia, hii isiyo na X ndiyo inaanzia GHz 3.7, ile ya X inaanzia 3.4. Zote zinafika 4.6. Nikaona nimepata bora.

Kimya Kingi

Hapo ndipo unapouziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa.

5700 na 5700X ni silikoni mbili tofauti. Ile ya X ina kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 32 na PCIe 4.0 (njia ya kufikia kadi ya grafiki). Isiyo na X imetokana na zile prosesa zilizoundwa ziwe na grafiki ya ndani, grafiki ikazimwa, na zilizaliwa na kashe MB 16 na PCIe 3.0. Ni ndugu wa 5500, yenye viini 6 na kashe hiyo hiyo. Suala la PCIe kwako wewe halina uzito, B450 haivuki 3.0 hata ukichomeka nini. Kashe ndiyo inayokuhusu. Mchezo unaouliza vitu vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, yuko wapi huyu, risasi imegonga nini, ukivikuta ndani ya kashe unasonga. Usipovikuta, prosesa inatoka nje hadi kwenye RAM, na safari hiyo ni ndefu mara nyingi zaidi. Ndiyo maana 5800X3D ya 2022, viini 8 vile vile ila kashe MB 96, mpaka leo wachezaji wanaitafuta.

Kwa hiyo kwenye michezo, Ryzen 5 5600 yenye viini 6 na MB 32 mara nyingi inaipita hiyo 5700 ya viini 8. Na kwa kawaida bei yake ni ya chini zaidi, tena inakuja na feni yake. 5700X haiji na feni.

Ingekuwa unatoa video kila siku ningekwambia chukua 5700, viini 8 vitakulipa. Umesema mara 2 au 3 kwa mwezi. Hiyo ni kusubiri dakika chache zaidi ukiwa unakunywa chai.

Hiyo asilimia 40 imepigwa kutoka bei gani? Bei ya siku ilipotoka? Hiyo haina maana kwa prosesa ya miaka yote hii, hakuna anayeinunua kwa bei hiyo. Linganisha na 5600 na 5700X zinauzwaje leo, wiki hii. Pengo na 5700X likiwa dogo, punguzo lako ni pambo.

Fremu Sitini

Nafuta kauli yangu. Sikujua hiyo ya X.

Mleta mada

Wakuu nimerudi na majibu, na aibu kidogo.

RAM ilikuwa inakimbia 2133. Tangu 2019! Nimewasha XMP, kwa 3200 mashine ikagoma kuwaka mara 2, nikaweka 2933 ikatulia. Sehemu zile zile zilizokuwa zinashuka hadi 50 sasa zinagota 61, 62. Mshtuko umepungua ila haujaisha. Nimeshusha hadi 720p kama alivyosema Bisibisi, zikabaki 63. Kadi ya grafiki inaonyesha inatumika asilimia 58. Kwa hiyo prosesa kweli inanikaba, siyo hisia zangu.

Nimeangalia bei pia. 5600 iko chini ya hiyo 5700 yenye punguzo. 5700X iko juu yake kwa kiasi ambacho ukijumlisha feni kinakuwa kingi. Naelekea 5600. Kuna la kuangalia kabla sijafungua kitu?

Fundi wa Usiku

Nimekuwa nasoma kimya, sasa naingia maana hapa ndipo watu wanapoumia.

La kwanza ni BIOS, na ifanye ukiwa bado na 2600 ndani. Madabodi ya 2019 haiijui 5600, ambayo imetoka Aprili 2022. Fungua ukurasa wa watengenezaji wa madabodi yako, kuna orodha ya prosesa na toleo la BIOS ambalo kila moja inaanzia. Tafuta jina kamili la madabodi yako, na uone wanasemaje kuhusu kupitia toleo la kati kwanza. Ukitoa prosesa ya zamani kabla ya kusasisha, utaweka mpya, feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, na utaanza kumlaumu muuzaji. Soma pia kama toleo hilo linaacha prosesa za zamani, kwenye baadhi ya madabodi hakuna kurudi nyuma.

La pili, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), isimamishe au andika ule ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi. Ukibadilisha prosesa, fTPM iliyomo ndani yake, sehemu ya usalama inayotunza ufunguo, inaondoka nayo. Ukiwasha utaulizwa na BIOS kama iianzishe upya, halafu Windows itadai ufunguo. Usipokuwa nao, mafaili yako yako pale na huyafikii.

La tatu limenitokea mimi. AM4 ina pini kwenye prosesa yenyewe, 1331, na soketi inazishika kwa kibano chepesi tu. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikikaa miaka mingi, inakuwa kama gundi. Nilivuta feni moja kwa moja juu, nikasikia kama kizibo cha chupa, kugeuza nikakuta prosesa inaning'inia chini ya feni, wenzo wa soketi bado umefungwa. Pini 4 zimelala upande. Nilizinyoosha kwa ncha ya penseli ya risasi iliyotolewa risasi, moja baada ya nyingine, saa nzima sipumui vizuri. Iliwaka. Sitaki kurudia.

Kwa hiyo cheza mchezo wako nusu saa pesti ipate moto, zima, chomoa waya, fungua zile skrubu 4 kwa kupishana, kisha zungusha feni kushoto kulia taratibu kabla hujainua. Ikigoma, rudia kupasha. Usitumie nguvu.

Mleta mada

Mrejesho, kwa atakayepita hapa baadaye.

5600 imeingia. Feni nimeizungusha kama fundi alivyosema, ikaachia kwa sauti ndogo, prosesa ikabaki kwenye soketi. BitLocker imeuliza ufunguo kweli, nilikuwa nimeuandika. RAM sasa imekubali 3200 bila kugoma. Mahali pale pa mabomu, fremu haziendi chini ya 98, na kadi ya grafiki kwa mara ya kwanza naisikia feni zake.

Ile 5700 bado ipo sokoni, punguzo limepanda hadi asilimia 45.

Mzee wa DDR3

Hiyo 2600 umeiweka wapi? Naulizia tu.