MJADALA: Binti apewe jina geni, au turudi kwa Mwanajuma na Kadzo?

Mleta mada: Kuanzia Likoni hadi Kisauni, wazazi wanasaka jina ambalo mtoto hatalikuta kwa mwenziwe darasani. Mwanahamisi, Riziki na Subira wameachiwa mabibi. Je, mzazi aokote jina katika lugha yoyote duniani, au kuna mpaka?

Bint Kibokoni: Haki anayo, ila alisikilize kwanza kwa masikio ya Mombasa. Malaya ni jina zuri kabisa la kike Ufilipino, maana yake "huru". Nani atamwitia mwanawe hilo sokoni Kongowea? Qamar ni mwezi kwa Kiarabu. Igeuze Q iwe K, uliongeze irabu mwishoni kama ulimi wetu upendavyo, mtoto amekuwa Kamari. Liiteni kwa sauti, kwa ukali na kwa kubembeleza, kabla hamjalikubali.

Kijana wa Tudor: Dada, hiyo ni hofu tu. Ngozi kwa Kiigbo ni baraka. Ngozi Okonjo-Iweala anaongoza Shirika la Biashara Duniani tangu 2021, na jina halikumzuia. Maana ni ya wenye lugha, si ya wanaosikia.

Bint Kibokoni: Kaka, yeye alipewa jina hilo na watu wanaolielewa. Mtoto wa kwetu, pale Changamwe, akiitwa Ngozi ataulizwa kila siku kama ni ngozi ya kiatu au ya ngoma, na atakayejibu ni yeye, si wewe.

Ustadh wa Majengo: Kwa Waislamu niongeze hili. Kauthar, Tasnim na Salsabil yamo ndani ya Qur'ani na yote ni maji ya Peponi: Kauthar katika sura ya 108, Tasnim ya 83, Salsabil ya 76. Ni majina mema. Lakini kutajwa katika Qur'ani peke yake hakutoshi, maana Zaqqum pia umetajwa, nao ni mti wa Motoni. Mshike mwalimu akusomee aya nzima, si neno moja. Tena angalieni herufi: Amal kwa hamza ni matumaini, kwa ain ni kazi, na kwa herufi za Kizungu huwezi kuyatofautisha.

Shangazi wa Rabai: Mnakwenda mbali mno, wanangu. Waakan wa Ghana humwita binti wa Alhamisi Yaa, na wa Ijumaa Afua. Mnayashangaa hayo, na hapa pana Mwanahamisi na Mwanajuma kwa mpango ule ule! Sisi Wamijikenda tuna wiki ya siku nne, na Jumwa ni mojawapo. Kadzo maana yake mzuri. Hata Mekatilili, aliyewatoa jasho Waingereza mwaka 1913, jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Mekatilili ni "mama wa Katilili". Ni watoto wangapi mjini wanaoitwa Mnyazi? Na Mwana Mkisi, malkia anayetajwa katika asili ya mji huu, nani kamrithi jina? Mkitaka yasiyosikika, hayo hapo.

Kijana wa Tudor: Shangazi, hapo umenikamata kidogo. Lakini mke Mzulu akitaka Zanele, nimkataze?

Shangazi wa Rabai: Usimkataze, mwanangu, muulize. Zanele maana yake "wametosha", hupewa binti nyumba ikishajaa mabinti. Ukimpa kifungua mimba, kwao watacheka. Nomvula ni afadhali, ni wa mvua, azaliwe masika.

Mjuzi wa usajili: Maana mkishamaliza, tahajia ndiyo inayowatesa watu. Saoirse la Kiairishi husomwa karibu na "Sirsha". Karani ataandika anachosikia. Aaliyah, Aliyah na Alia kwa serikali ni watu watatu. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kujifungua, na taarifa ya kuzaliwa ikijazwa hospitali, ilinganisheni herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Kijitabu cha kliniki nacho kifuate hivyo hivyo. Kuandikisha ni ndani ya miezi 6. Ukichelewa, huo ni usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi. Jina lililokwisha kuandikwa hubadilishwa katika daftari la vizazi ndani ya miaka 2 kwa ada. Ikipita, unakwenda kwa wakili kwa hati ya kubadili jina, na tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali.