Naomba ushauri: kompyuta ya biti 32 baada ya Debian 12

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba, na tangu 2006 natumia mifumo endeshi huria tu, kwa sababu nathamini mfumo ninaoweza kuukagua, kuurekebisha na kumgaia jirani bila ya kuomba leseni kwa mtu. Kompyuta yangu ya mapajani ni ya biti 32 (aina ya zamani ya prosesa), ina RAM ya gigabaiti 1, na herufi za kibodi zimeshafutika, lakini kwa Debian 12, mmoja wa mifumo hiyo huria, bado yaniandikia barua zangu zote. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za aina hii. Je, nibaki na toleo la 12 hadi marekebisho yake ya usalama yakome, au nihamie OpenBSD, mfumo mwingine huria, mapema? Kuitupa mashine nzima inaniuma. Aliyewahi kuhama hivyo naomba anieleze, hasa kuhusu waifai.