Redio ndogo ya mtaa huku Ohio: mtambo umeshanunuliwa, niuwashe au niuache kwenye boksi?

Mtoto_wa_Nyarugusu
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, na wenye uzoefu wa mitambo naomba watangulie, matani yafuate baadaye.

Niko Ohio mwaka wa nane sasa. Tunakoishi ni majengo manne ya kupanga yaliyozunguka uwanja wa magari, na zaidi ya nusu ya wapangaji ni watu wa kwetu: Wabembe, Wafuliiru, Warundi, wengi tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kwa miaka mitatu tulikuwa na saa moja ya Kiswahili kila Jumapili kwenye stesheni moja ya AM ya hapa mjini. Kanisa linalipia muda wa hewani, wazee wanatangaza misiba, harusi, nani anatafuta lifti ya kwenda kliniki. Mwaka jana mwenye stesheni akatuita ofisini, akasema anafunga. Kiwanja chenye minara kimepata mnunuzi, leseni anairudisha. Wiki tatu baadaye tunafungua redio, shshshsh tupu.

Sasa mchungaji wetu kaagiza mtandaoni kamtambo ka FM, wati 15, kamekuja na antena yake. Kanikabidhi mimi kwa sababu nilisomea umeme wa magari. Anataka Jumapili ijayo tuwe hewani. Nikimuuliza habari za leseni ananiambia neno la Mungu halisubiri kibali.

Naomba kujua: tukiwasha saa mbili tu kwa wiki kuna ubaya? Kuna nguvu ambayo mtu anaruhusiwa kurusha bila leseni? Na kama redio zenye leseni zinajifunga zenyewe, si masafa yao yamebaki wazi?

Kijana_Temeke
Mkuu, zama hizi redio ya nini? Fungueni grupu la WhatsApp mrushiane sauti, kesi imeisha. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

Mtoto_wa_Nyarugusu
@Kijana_Temeke grupu lipo, na lina watu mia na kitu. Wazee hawamo. Mama yangu mkubwa ana miaka 74, hajui kusoma, na simu yake wajukuu wanaichezea mpaka inazima. Kambini alikuwa na redio ya betri, tunazianika betri juani zipate nguvu tena, jioni anatafuta Radio Kwizera ya Ngara gizani kwa kidole tu. Mtu kama huyo umpe redio yenye kitasa kimoja, hutamsumbua tena.

FundiMasafa
Mleta mada, usiuwashe. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu naona wengi wanaingia mtego huu.

Wati 15 za FM bila leseni Marekani hiyo ni redio haramu. Mchungaji au shetani, mtambo haujui. Kuna sheria inaitwa PIRATE Act, ilisainiwa Januari 2020: faini hadi dola 100,000 kwa siku, kikomo dola milioni 2, na kiwango hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Hawaangalii kama ulirusha saa mbili au ishirini. Halafu hiyo mitambo ya bei rahisi huwa haichujwi vizuri. Unaweka 107, inamwaga uchafu pembeni, na juu tu ya 108 ndiyo masafa ya ndege. Rubani akianza kusikia kwaya yenu, watakuja kuwatafuta siku hiyohiyo.

Lakini swali lako la pili lina jibu zuri. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, Sehemu ya 15, zinaruhusu mtu kurusha bila leseni kwa nguvu ndogo sana. Kwenye FM ni ndogo kiasi cha kuchekesha, maikrovolti 250 kwa mita zikipimwa umbali wa mita 3, maana yake sauti inafika kama mita 60 inakufa. Kwenye AM ndiko kuna nafasi: kati ya kilohezi 510 na 1705, nguvu inayoingia hatua ya mwisho ya mtambo isizidi miliwati 100, na antena pamoja na waya wa kuilisha pamoja na waya wa ardhi, vyote kwa jumla visizidi mita 3.

Hapo kwenye waya wa ardhi ndipo watu wanajidanganya. Mtu anapandisha kisanduku juu ya paa, anashusha waya mita 10 hadi chini, anafurahi anasikika maili mbili. Kilichokuwa kinarusha ni ule waya wa ardhi. Mkaguzi akipima urefu, umekwisha. Wewe weka kisanduku chini, nje, fimbo ya shaba uipigilie palepale miguuni pake. Udongo wenye unyevu unasaidia kuliko chochote utakachonunua. Antena kamili, yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, kule juu ya kilohezi 1600 ingekuwa mita arobaini na kitu, wewe una tatu, kwa hiyo nguvu nyingi inapotelea kwenye koili ya kufidia huo ufupi. Ndiyo hali halisi. Nunua mtambo ulioidhinishwa, una namba ya FCC mgongoni. Wenye mikono wanaruhusiwa kuunda wenyewe, hadi vitano, kwa matumizi binafsi, lakini si kwa kuunga vifurushi vya dukani. Na Sehemu ya 15 haikupi haki yoyote: ukimwingilia mwenye leseni unazima, yeye akikuingilia unanyamaza.

Mama_Kivu
Ndugu, miye niko Iowa. Sikiliza huyo fundi. Kwa jengo letu kijana mumoja alifunga mashini ya FM kwa dirisha la jikoni, alikuwa anapiga seben na kutangaza duka la shemeji yake. Barua ya serikali haikuja kwake, ilikuja kwa mwenye nyumba, maana nayo sheria inamugusa. Mwenye nyumba hakuuliza mara mbili. Familia watu sita, wakatafuta nyumba wakati wa theluji. Uliza mchungaji kama Jumapili ijayo ana nafasi ya kulaza watu sita.

Jirani_wa_Kibera
Niko huku Nairobi, boss. Nguvu ndogo si aibu. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zimepewa 99.9 ileile, kila moja inasikika mtaani kwake. Tofauti ni kwamba wao walipitia kwa mlango. Ukiingia kwa dirisha, siku utakapotaka mlango utaulizwa.

FundiMasafa
@Jirani_wa_Kibera umenikumbusha kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. Marekani kuna leseni za LPFM, yaani FM ya nguvu ndogo, zilianza 2000, mahususi kwa taasisi zisizo za biashara kama kanisa au shule. Wati 100, antena kimo cha mita 30, unafika kama kilomita 5 na nusu. Dirisha la maombi limefunguliwa mara chache tu: 2000 hadi 2001, 2013, halafu Desemba 2023. Kwenye fomu mwombaji anathibitisha kwamba hajawahi kurusha bila leseni. Ukiwasha huo mtambo Jumapili moja, umelifungia kanisa zima mlango ambao hata haujafunguliwa.

Kijana_Temeke
Kumbe! Basi mfungieni mchungaji hilo boksi.

Mzee_wa_Silver_Spring
Wanangu, nami niseme. Nimeishi Maryland tangu miaka ya tisini, na hilo swali la tatu halijajibiwa.

Masafa ya stesheni iliyokufa hayawi mali ya mpita njia. Yanarudi FCC, basi. Ila kijana anauliza kitu kizito bila kujua: kwa nini wenye leseni wanaziachia? Mimi nilikuwa naipita kila asubuhi minara minne ya stesheni ya WMAL 630 pale Bethesda. Mwaka 2020 ikaangushwa, ekari 75 zikaenda kwa wajenga nyumba. Stesheni ya AM inataka shamba kubwa, maana mnara wenyewe ndio antena na chini yake kuna nyaya za shaba zimefukiwa pande zote. Mji ukikua, shamba lina thamani kuliko matangazo ya mwaka mzima. Mwaka 1990 stesheni za AM nchi hii zilikaribia 5,000, sasa ziko chini ya 4,500. Na zilizobaki msizihesabu zote kuwa hai. Nyingi zinashikiliwa kwa sababu zimepewa kirudishi cha FM cha wati 250, kamtambo kanachorudia matangazo yaleyale kwenye FM, na sharti ni AM yenyewe iwe hewani ndipo kirudishi kiruhusiwe. Kwa hiyo mtu anaiacha AM ikorome kama mgonjwa, bora isikate roho.

Magari nayo. Mota za magari ya umeme zinapigia AM kelele, watengenezaji wengine wakaiondoa kabisa. Ford walitangaza nao wanaiondoa, kelele za watu na za Bunge zikawarudisha nyuma Mei 2023.

Ninachokushauri si cha mitambo. Tafuta kama mji wenu una LPFM tayari. Stesheni hizo zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na Jumapili mchana utakuta kompyuta inapiga muziki peke yake. Waombe saa moja. Wanaweza kukupa bure, na mnara, leseni, wakili, vyote ni shida zao. Mtatangaza misiba yenu kilomita tano badala ya uwanja wa magari.

FundiMasafa
Mzee, shikamoo. Hapo mimi nabisha kidogo. Saa ya kuombwa ni kama ile waliyokuwa nayo. Siku mwenyewe akifunga, wanarudi kwenye shshshsh. Afanye vyote viwili.

Mzee_wa_Silver_Spring
Marahaba. Afanye vyote, sijakataa. Aanze na cha kuomba.

Mtoto_wa_Nyarugusu
Wakuu, wiki ya tano leo. Narudisha mrejesho.

LPFM ipo, ya chuo kimoja hapa. Nimeandika mara mbili, mama mmoja amejibu kwamba kamati yao inakaa mwezi ujao. Basi tunangoja.

Kwa sasa nimenunua mtambo wa AM wa mkono wa pili, una namba ya FCC. Nimeufunga nyuma ya jengo B kwa ruhusa ya meneja, kwa maandishi. Fimbo ya shaba nimepigilia mwenyewe, antena na nyaya nimepima kwa tepu, mita 2 na senti 80. Masafa nilipanga kwenda 1690, kule juu ya 1600 alikotaja fundi, kule ni kweupe. Kabla sijakata shauri nikapita nyumba za wazee kuwaonyesha. Redio ya mama mkubwa, ya mzee wa kanisa, ya bibi wa jengo D, zote mshale uko palepale ilipokuwa stesheni yetu ya zamani. Mwaka mzima hawajausogeza. Nikasikiliza pale mchana, kimya, hakuna mtu. Nikarusha palepale.

Sauti inafika majengo yote manne. Kwenye redio ya gari nimeenda nayo hadi kituo cha mafuta, kama mita 600, ikaanza kumezwa. Usiku ni bure, stesheni za mbali zinaingia zinatufunika, kwa hiyo tunazima jua likizama. Mchungaji anaiita redio ya kuku, boksi lake liko chini ya kitanda changu na dola zake hazijarudi. Ila Jumapili iliyopita alitangaza mazishi, na bibi wa jengo D akatokea akiwa amevaa tayari, hajapigiwa simu na mtu.

Tatizo lililobaki ni mvumo. Nguuuu ya chini chini muda wote, na kwenye korido za jengo C inakuwa kelele kabisa.

FundiMasafa
Hapo kwenye masafa umenizidi, nakiri.

Mvumo ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Korido za jengo C nahisi ni taa za LED. Huwezi kuzitibu kutoka kwako, waambie wasogeze redio dirishani na waigeuze mpaka kelele ipungue, maana antena ya ndani ya redio ina upande inaosikia na upande usiosikia. Ule mvumo wa muda wote nadhani ni chaja ya mtambo. Uchomoe ukutani, uulishe kwa betri ya gari ya volti 12 kama unakubali volti hizo, soma mgongoni kwanza. Mvumo ukiondoka, mchawi ni chaja. Tafuta yenye transfoma ya kizamani, ile nzito. Na sauti ya kuingia usiipandishe mpaka ikwaruze, wachungaji wana tabia ya kuimeza maiki.

Mtoto_wa_Nyarugusu
Betri ninayo kwenye Corolla iliyokufa. Jumamosi najaribu.