Mafundi wa studio, acheni kufuta mgongano wa sauti za konsatina bila kutuuliza

Wanajukwaa, assalamu alaikum. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Kikundi chetu cha taarabu cha hapa Lamu kilikwenda Malindi kurekodi, na tulichokabidhiwa mwishoni sicho tulichopiga. Fundi wa sauti, ambaye simtaji kwa kuwa tabia hii haiko kwake peke yake, aliipitisha konsatina yangu kwenye programu ya kompyuta inayonyoosha sauti, akaondoa kila mahali noti mbili zilipogongana, akafuta hata pumzi ya mvukuto, kisha akatuambia kwa fahari kwamba ametusafishia kazi. Hakuna mtu aliyemwomba usafi huo.

Kwa wasioijua, konsatina ni kinanda kidogo cha mikononi, aghalabu chenye pembe sita, ambacho hewa ya mvukuto wake hutikisa vilimi vya chuma au vya shaba. Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, alianza kutengeneza ya kwake mwaka 1834, na Charles Wheatstone wa London akasajili ya kwake mwaka 1844. Yangu ni ya ukoo wa Uhlig, yaani kitufe kimoja hutoa sauti moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Safu moja imepangwa kwa do, na nyingine kwa sol. Ukivuta, safu ya do inakupa fa ya kawaida, na ile ya sol inakupa fa iliyopandishwa nusu toni, hivyo vidole vinapohama safu katikati ya mwendo wa haraka huzigusa zote mbili kwa pamoja, na sauti inayotoka huwa na ukali wa ndimu. Chombo kimejengwa hivyo. Mpigaji anayekijua hakimbii ukali huo, bali huchagua aushikilie kwa muda gani na auachie wapi, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe.

Kuna wimbo mmoja uliofutwa sauti ambao unaniuma kuliko nyingine. Masika, mbao za konsatina hufura kwa unyevu, na usiku mmoja kwenye harusi ya hapa mjini kitufe kilikwama chini katikati ya ubeti. Kilikuwa kile cha do na re, kwa hiyo kila nilipousukuma mvukuto ilisikika do, na kila nilipouvuta ilisikika re, iwe naitaka au siitaki, huku mwimbaji akiishikilia do yake juu. Sikuweza kunyamaza, maana akina mama walikuwa wameshainuka kutuza. Mpiga udi akainamisha kichwa, akasikiliza mizunguko michache, kisha akaanza kuzijibu sauti zile mbili kwa nyuzi zake nzito, na mwimbaji naye akaanza kupumua pamoja na mvukuto, akiingia re inapotoka. Ukumbi mzima ulituomba tuurudie. Tangu hapo kitufe kile hakikwami tena, nakibana mwenyewe kwa makusudi, na wimbo huo watu huujua kwa re ile inayomsukuma mwimbaji. Studio wameifuta re yote. Kilichobaki ni do moja iliyolala chini ya ubeti, na mpiga udi anasikika akijibu sauti ambayo haipo.

Tulipolalamika tukajibiwa kwamba msikilizaji wa redio atadhani hatujui kupiga. Jawabu hilo limenikera kuliko ufutaji wenyewe, kwa sababu limetoka kwa mtu anayeamini kwamba usahihi ni ule uliopangwa ndani ya kompyuta yake. Konsatina za Kiingereza za zamani zilikuwa na vitufe viwili tofauti kwa sauti ambazo kwenye piano hutolewa na ufunguo mmoja mweusi. Wapigaji wa maskanda, muziki wa Wazulu wa Afrika Kusini, walipoipokea konsatina waliipanga upya ifuate masikio yao, wala hawakubadilisha masikio yaifuate konsatina. Na mafundi wa akodiani huweka vilimi viwili kwa noti moja na kuvitofautisha kidogo kwa makusudi: kimoja kikitikisika mara 440 kwa sekunde na kingine mara 443, sikio hupata mapigo matatu kila sekunde, na mtikisiko huo ndio watu wanaoupenda. Je, hao nao wasafishwe?

Sisi wa taarabu tuna sababu ya ziada. Katika rast, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, mi hukaa kati ya mi ya kawaida na ile iliyoshushwa nusu toni. Udi hauna vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaipata bila taabu. Konsatina haina kitufe cha hapo katikati. Ninapoishikilia mi yangu juu ya mi ya udi, zinasuguana, nasi tumekaa miaka tukijifunza pa kuziacha zisuguane na pa kunyamaza. Programu ile iliivuta mi ya udi ikalingana na yangu, ikaitoa rast ndani ya rast. Lamu hii ndiyo iliyomzaa Zein l'Abdin, bingwa wa udi, halafu leo udi unasahihishwa na mashine!

Ninachodai ni hiki. Studio ituletee rekodi ghafi kama zilivyotoka kwenye vinasa sauti, kwani tumezilipia. Nyimbo zilizonyooshwa zisitolewe kwa jina la kikundi chetu hata moja. Na nyinyi wenzangu mnaokwenda kurekodi, Malindi au kwingineko, andikeni kwenye makubaliano, kabla ya kulipa chochote, kwamba hakuna sauti itakayonyooshwa wala kufutwa bila idhini ya mpigaji mwenyewe. Aliyewahi kufanikiwa kurejeshewa rekodi zake ghafi, tafadhali aeleze hapa chini alivyozipata.