MREJESHO: Mbwa anayeharisha kila radi ikipiga (Uyole, Mbeya)

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu Simba, mbwa wangu anayeharisha kila radi ikipiga au fundi jirani akiwasha mashine ya kuchomelea. Wengi mlisema minyoo. Aliyenishauri nimpe vidonge vya binadamu, samahani mkuu, hapo nilikaidi.

Daktari wa mifugo alipima kinyesi: hakuna minyoo wala giadia (kimelea cha utumbo kinacholeta kuhara). Akasema ni hofu. Mbwa akiingiwa na woga, utumbo mpana unasukuma haraka kabla maji hayajafyonzwa, ndiyo maana anajisaidia kidogo kidogo, mara nyingi, na kinyesi kina ute. Mama mkwe alicheka sana: "Mbwa naye ana mawazo?" Anayo, mama.

Chakula kilikuwa rahisi: wali laini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), siku nne, kisha nikarudisha ugali na dagaa taratibu.

Kosa langu kubwa lilikuwa banda. Nililiezeka bati tupu, na mvua za huku mnazijua. Mle ndani ni ngoma. Tena mchana kutwa alifungwa mnyororo getini, hana pa kukimbilia. Sasa analala stoo juu ya magunia, redio ikiwa chini chini, na jioni tunatembea kidogo.

Juzi radi imepiga usiku. Alitetemeka, lakini asubuhi choo kigumu kabisa! Mashine ya fundi bado inamsumbua.