Kambi ya jeshi imepakana na shamba lenu: mliuliza wapi, mkajibiwa na nani? Tupeane uzoefu

Mwana wa Konde (mwanzisha mada)

Asalaam alaykum jamaa. Naanza na langu, kisha nanyi mnipe yenu.

Marehemu baba alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, kama walivyopewa wengi, huku Unguja, Wilaya ya Kati. Upande wa mashariki tumepakana na kambi. Miaka yote hiyo hatukuwa na neno nao. Ng'ombe akiingia kwao wanatupigia mluzi, maji yakikatika kijijini tunachota kwao. Mwaka juzi, asubuhi, dada yangu kenda kung'oa muhogo kakuta bikoni, alama ya mpaka, ya saruji katikati ya matuta, saruji yenyewe bado mbichi. Si pembezoni, katikati khasa. Mimi kwa akili zangu nikadhani hili ni jambo la kwenda kuuliza siku moja likaisha.

Sheha, mkuu wa shehia yetu, akasema hakuletewa barua yoyote. Wilayani wakanambia ulinzi ni jambo la Muungano, wao hawana kauli. Mwakilishi wetu, mtu mwema wallahi, akasema ataliuliza kwenye Baraza la Wawakilishi lakini anajua jibu: Wizara itasimama iseme jeshi haliko chini yake. Tukenda kwa mbunge. Naye akatufungulia viganja: ardhi si jambo la Muungano, ardhi ya Zanzibar ni ya Zanzibar, rudini Chukwani, kwenye Baraza lenu.

Kinachoniudhi ni kuwa hakuna aliyesema uongo. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, utakuta ulinzi na usalama umo. Ardhi haimo. Bikoni iliyo kwenye muhogo wangu ni vyote viwili, na kwa hivyo imekuwa si ya mtu.

Nataka kusikia kwa waliowahi kulipeleka jambo kama hili Chukwani au Dodoma. Liliulizwa vipi? Jibu lilikuwaje? Kilibadilika nini? Msitaje kambi wala jina la mtu, na atakayekuja hapa kutukana askari namuomba apite tu.

Fundi Dau

Sisi wavuvi letu ni la mazoezi ya shabaha. Siku wanapolenga, bahari inafungwa upande ule, na haki yao. Tatizo taarifa ilikuwa inabandikwa kwa sheha, na sisi alfajiri tushatoka, nani atasoma karatasi usiku wa manane? Dau la mjomba lilirejeshwa mara tatu mwezi mmoja, mafuta ya mashine yameshaungua. Hatukwenda Baraza wala Bunge. Tulikwenda na sheha mpaka getini, tukaomba kuonana na mkubwa. Siku hizi taarifa inaingia kwenye kundi la simu la wavuvi siku mbili kabla. Robo saa ya mazungumzo, baada ya mwaka mzima wa kunung'unika.

Mama Mchele

Mimi na mwanangu wa pili tulihudumiwa Hospitali ya Jeshi Bububu, sijaona wahudumu kama wale. Nimelisema hilo mapema, mada zenyewe hizi huishia pabaya.

Binti Karafuu

Nami niko Pemba. Letu lilifika Barazani, na nilikwenda kusikiliza mwenyewe, mara ya kwanza maishani kuingia jumba lile. Nilivaa baibui jipya.

Njia ya kwenda kwenye mikarafuu ya bibi ilikuwa inapita kando ya kambi tangu enzi. Mwaka mmoja ikazungushiwa waya. Nje ya msimu mtu anazunguka, basi. Lakini nyinyi wa Unguja hamjui msimu wa karafuu ulivyo. Ukichelewa siku mbili tatu zinachanua mtini, zikichanua si karafuu tena. Na wachumaji unawalipa kwa pishi: ukiwazungusha saa nzima na magunia kichwani wanakuhama, wanakwenda kwa mwenye mikarafuu ya karibu na barabara. Msimu ule tuliacha mikarafuu minane haikuguswa. Bibi alikaa kibarazani kwake anaitazama kwa mbali kama mtu anayeangalia maiti yake.

Mwakilishi akauliza Serikali ina mpango gani wa kuwafungulia njia wananchi. Jibu nalikumbuka sana kwa sababu lilikuwa zuri: Serikali inathamini sana zao la karafuu, na itawasiliana na mamlaka husika za Jamhuri ya Muungano. Watu wakapiga meza. Nikatoka nje nafurahi kama arusi, nikampigia bibi simu, "limejibiwa!" Bibi akauliza, "Wamefungua?" Nikanyamaza.

Zikapita karibu misimu miwili. Aliyefungua njia ni mkuu mpya wa kikosi, kijana, aliyekuja kununua ndizi kwa mama yangu na kuulizwa na mama uso kwa uso. Akaweka geti dogo, wakati wa mavuno wachumaji wanapita kuanzia saa 12 asubuhi, wanaandikwa majina. Alhamdulillahi. Lakini nampenda afande yule na bado nasema haifai. Akihamishwa kesho geti linahama naye, kwa sababu halikuandikwa popote.

Na kabla sijasahau, aliyechukuliwa shamba ahesabu miti yake. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Jirani yetu alilipwa minazi na mikarafuu, ardhi asilipwe kitu. Hajui mpaka leo alidhulumiwa au ndiyo sheria, maana hakuna aliyekaa naye chini akamfahamisha.

Karani Mstaafu

Bi Binti Karafuu umenichekesha na kunihuzunisha. Hilo jibu nimeliandika mara nyingi sana kwa mkono wangu. Niliandika kumbukumbu za vikao Baraza likiwa bado Kikwajuni, kabla ya kuhamia Chukwani.

Wengi wanadhani swali huuliwa na ujanja wa waziri. Mara nyingi huwa limezaliwa maiti. Mwananchi anampelekea mwakilishi malalamiko kurasa tatu, yeye anayafupisha: "Je, Serikali ina mpango gani wa kutatua mgogoro huo?" Hapo umeshamfungulia waziri mlango wa uani. "Mpango gani" hujibiwa kwa mpango, na mpango haujawahi kukosekana. Swali la nyongeza litajibiwa lile lile kwa maneno mengine, Spika ataita swali linalofuata.

Mwana wa Konde, kama ningekuwa bado kazini ningekwambia hivi. Chukwani usilitaje jeshi kabisa. Uliza ardhi: eneo lile lilitolewa lini, kwa hati gani, lina ukubwa gani, ramani ya upimaji ni ya mwaka gani, na mipaka iliyopo leo ndiyo ile iliyo kwenye ramani? Hapo Waziri wa Ardhi hana pa kukimbilia, maana Sheria Nambari 12 ya 1992 inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko mikononi mwa Rais wa Zanzibar kwa niaba yetu. Haiwezi kuwa jambo la watu wengine.

Dodoma nako usiulize ardhi. Uliza kazi ya wizara: je, Wizara ya Ulinzi imepima upya maeneo yake hapa, wenye mashamba waliitwa, na fidia imo kwenye bajeti ya mwaka gani? Ibara ya 63 ya Katiba inamruhusu mbunge kumwuliza waziri yeyote jambo lililo katika wajibu wake, na upimaji unaofanywa kwa ajili ya jeshi umo humo. Wakati mzuri ni kati ya Aprili na Juni, bajeti za wizara zinapojadiliwa. Kisha yaweke majibu mawili ubavu kwa ubavu. Yakipishana tarehe au ukubwa, hapo umepata cha kushika, tena kwa maandishi yao wenyewe, kwenye Taarifa Rasmi za vikao.

Mtasema hatuna mtu wa kuunganisha nyumba mbili. Mnao, tena watano. Ibara ya 66 inalipa Baraza la Wawakilishi nafasi ya kuchagua watu watano miongoni mwao waingie Bunge la Muungano. Hao wana mguu Chukwani na mguu Dodoma. Nimekaa kazini miaka yote ile, sikumbuki mwananchi hata mmoja aliyewatafuta hao kwa jambo la shamba lake. Wanatafutwa kwa michango ya arusi.

Kuna na Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Mengi yao huzungumzwa mlango umefungwa, na mengine ni sawa yafungwe. Lakini bikoni iliyo kwenye matuta ya muhogo inaonekana na kila mbuzi. Mtu akikwambia ni siri, muulize siri ya nani.

Mvaa Kombati

Nimevaa kombati miaka 24, nimestaafu, nalima matikiti. Nimesoma yote nimenyamaza, sasa na mimi niseme.

Aprili 29, 2009 nilikuwa Dar es Salaam ghala la silaha la Mbagala liliporipuka. Februari 16, 2011 ikawa Gongo la Mboto. Sitaki kusimulia niliyoyaokota. Mabomu yale yaliyoruka hayakuuliza nani ana hati na nani hana. Baada ya pale kila kikosi nchini kilitakiwa kijitazame kimekaa vipi na watu. Kambi nyingi zilipowekwa zilikuwa porini, makoroshoni. Nani aliyesogea? Kambi haina miguu. Nyinyi mnauza viwanja hadi kwenye ukuta, mnajenga, kisha mnaandika "jeshi limetuvamia".

Mtu akiweka bikoni usiku bila kumwambia mwenye shamba amekosea, sitamtetea. Lakini hizo mita 50 za kutenganisha kambi na watu mnazozililia pengine ndizo zitakazomuokoa mjukuu wako.

Mchangani Boy

Afande, waziri wa ulinzi wa Mbagala na Gongo la Mboto alikuwa Dk. Hussein Mwinyi, ambaye sasa ndiye Rais wa Zanzibar. Kwa hivyo yule mwenye dhamana ya ardhi yetu kwa sheria ya 1992 keshakaa kwenye kiti cha pili pia. Kama kuna mtu wa kulielewa swali lenye pande mbili ni huyo. Nawaza tu kwa sauti.

Mwana wa Konde

Afande, heshima yako. Nimejizuia tangu jana nisikujibu kwa hasira, na nimefanya vyema, maana jana usiku nilimuuliza ami. Ami yangu alikata viwanja viwili upande ule ule, miaka kumi nyuma, akauza bila ya kutwambia. Nyumba moja imefika darini. Nadhani bikoni zilianza pale. Sijui niseme nini. Muhogo wetu ulikuwapo kabla ya viwanja, lakini jeshi litajuaje muhogo wa nani umesimama na wa nani unatembea?

Binti Karafuu

Pole sana. Ami ni mzazi, usimvunjie heshima mbele ya watu. Ila apate wa kumsema.

Mpemba wa Kilifi

Nawasalimu kutoka ng'ambo. Babu zangu walivuka kutoka Pemba kwa dau, na 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipotutambua rasmi. Huku kuna la kujifunza, ijapokuwa si sawasawa na lenu. Mwaka 2021 moto ulizuka Lolldaiga, Laikipia, jeshi la Uingereza likiwa mazoezini, maelfu ya eka yakaungua. Watu walilia miaka. Mwaka 2024 kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi ikafunga safari yenyewe hadi kule, wafugaji wakashika kipaza sauti wakasema walichokiona. Hilo ni jeshi la kigeni, liko kwa mkataba uliopita Bungeni, ndipo wabunge walipopata pa kushika. Lakini kuja kwa kamati kwa mwananchi, badala ya mwananchi kupanda boti kisha basi hadi Dodoma na nauli ya mkopo, hilo ningelidai.

Mzee wa Tunguu

Wajukuu, haya si mageni. Mwaka 1960 Mwingereza alikubaliana na Mmarekani kuweka hapa Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga, mradi wakiuita Mercury. Baba alikuwa kibarua wa kuchimba misingi. Mjini watu walipiga kelele kuwa ni maroketi tunaletewa, shamba watu wakiogopa kupita karibu usiku. Wazungu wakisema ni mitambo ya kusikiliza tu. Nani aende akahakikishe? Mkataba ulikuwa wa London na Washington. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Baba alichobaki nacho ni sepetu moja nzuri sana, tumeitumia hadi juzi.

Fundi Dau

Mzee sepetu hiyo tuletee picha.

Mwana wa Konde

Taarifa fupi. Jumamosi tulikaa kwa sheha, familia tano zinazopakana na kambi, na ami alikuja, akakaa nyuma. Tumeandika maswali mawili kama alivyosema Karani, moja la Chukwani moja la Dodoma, hakuna "mpango gani" hata mahali pamoja. Binti Karafuu, miti tumeihesabu: minazi 11, miembe miwili, mfenesi mmoja ambao dada anadai ni wake. Jumatatu nilikwenda Kamisheni ya Ardhi kuomba nakala ya ramani ya upimaji.

Karani Mstaafu

Mmeipata?

Mwana wa Konde

Nimelipia, nimepewa risiti. Ramani niifuate wiki ijayo.

Karani Mstaafu

Risiti itie plastiki.