Nampeleka binti kuona chuo Mtwara, siku moja tu. Niangalie nini?

Mama Genge, Masasi
Habari zenu wana Kusini. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anataka ualimu. Baba yake anasema chuo ni chuo, aombe tu kwenye simu. Nimekataa. Mbuzi wa kununua namfungua mdomo nikamwangalia meno, sembuse chuo cha miaka mitatu? Jumatano tunapanda basi la alfajiri kwenda Stella Maris, jioni tunarudi, genge halina wa kushika. Kilomita kama 200 kwenda, 200 kurudi, kwa hiyo chuoni tutapata saa nne hivi. Mimi chuo kikuu sijawahi kukanyaga. Niulize nani, nini? Nisije nikapiga picha getini nikarudi.

Fundi Chikongola
Mama unajichosha bure. Subiri maonesho ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, pale Mnazi Mmoja, vyuo vyote vinakaa uwanja mmoja.

Mtoto wa Mingoyo
Mnazi Mmoja ipi, kiongozi? Hii yetu ya Lindi ina mabasi na korosho za kukaanga tu 😂 Ya Dar ni nauli nyingine. Halafu kwenye maonesho utaona banda na vipeperushi, bweni hawalibebi.

Mwalimu wa Newala
Shikamoo mama. Chuo nilichosoma sikitaji, kiko mbali na huku. Kaka yangu alinitembeza kabla sijaomba. Tukapokewa vizuri, tukaoneshwa maktaba na ukumbi, tukanywa soda, tukaondoka tumeridhika. Nilipoanza ndipo nikajua vitanda ni vichache kuliko watu. Muhula mzima nililala mzungu wa nne na mwenzangu, miguu yake puani kwangu. Hakuna aliyetudanganya, ila sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo mkifika anzeni ofisini, kabla watu hawajatoka kula. Ombeni karatasi ya ada na michango yote: usajili, bima, mitihani, serikali ya wanafunzi. Ulizeni inalipwa kwa awamu ngapi, na asiyepata mkopo anafanyaje. Sifa za kujiunga msipotezee muda, zimo kwenye mwongozo wa TCU, mtasoma kwenye basi.

Baada ya hapo, mama, nisamehe, muache binti aende peke yake. Wewe tafuta mama ntilie wa karibu na chuo, agiza wali, kaa. Wasichana wa mwaka wa pili hawatamwambia ukweli ukiwa umesimama pembeni na mkoba. Awaulize maji yanatoka saa ngapi. Mwaka wa kwanza wangapi walipata hosteli, na waliokosa wamepanga wapi, usiku wanarudije. Somo gani lina sapu (mitihani ya kurudia) nyingi, na mwalimu wake anapatikana? Wakienda kufundisha kwa vitendo wanapangwa mikoa gani, nani anawafuatilia? Akiweza aombe ruhusa aingie kipindi kimoja, akae nyuma.

Na wewe hapo kwenye wali una kazi. Bumu, ile pesa ya mkopo ya chakula na malazi, ni hadi 10,000 kwa siku, limepanda kutoka 8,500. Piga hesabu: sahani bei gani, chumba cha jirani bei gani, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi? Mkopo wenyewe si wa kila mtu, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye pia bila bumu.

Mama Genge, Masasi
Marahaba mwanangu. Hilo la kumuacha peke yake limenichoma, lakini nimelielewa.

Mama Genge, Masasi
Tumerudi jana usiku, miguu imevimba. Binti alipotea na wasichana saa moja na nusu, nikawa nanyoosha shingo kama kuku. Kumbe yule mama wa wali anajua nyumba zote za kupanga, hadi yenye kisima na yenye mwenye nyumba mlevi! Ofisini nilipewa karatasi ya ada, kwa mama wa wali nilipewa mji mzima.

Baba yake kauliza, "Haya, mmeona nini?" Binti kafungua daftari kamsomea kurasa mbili. Mzee kanyamaza, kisha anasema na Mlimani nako tukakague kabla hajaomba. Nimemwambia sawa, nauli ya Dar ataitoa yeye na genge atashika yeye.

Mtoto wa Mingoyo
Mkipita Mnazi Mmoja yetu nishtueni, korosho juu yangu.